Wilaya Inataka Jina

Mwalimu wa zamu alimwingiza Kokuberwa kwenye stoo ya majembe, akafunga mlango, akamwambia avue soksi. Alizigeuza ndani nje. Akapapasa pindo la sketi, akapekua kola ya shati, akamwambia apanue mdomo. Mtihani ulikuwa umeshapita na matokeo yalishatoka, hivyo hata yeye mwenyewe hakuonekana kujua anatafuta nini.

"Hana kitu," alisema alipomrudisha ofisini.

"Atakuwa ameshaichoma hiyo karatasi," alijibu Mwalimu Chenge, mkuu wa shule.

Pembeni yake alikaa afisa kutoka wilayani, amenyoosha miguu hadi katikati ya chumba. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ndio uliomleta huku Igoma. A za fizikia zilitoka kwenye shule zinazojulikana, zenye uzio na mabasi yake, isipokuwa moja. Hiyo ilitoka kwenye shule hii ya kata, juu ya mawe, ambako mwalimu wa fizikia alihama wakati Kokuberwa yuko kidato cha pili na hakuletwa mwingine.

"Nani alikufundisha?" aliuliza afisa.

"Video, mwalimu. Za mtandaoni. Ni za bure."

"Video." Afisa alimgeukia Chenge. "Na hiyo video ina jina? Inakaa wapi, Igoma au Mkuyuni?"

Chenge alicheka kwa sababu afisa amecheka.

"Lete simu tuzione."

Kokuberwa aliitoa simu ya mama yake, yenye kioo kilichopasuka. Afisa aliifungua, akatafuta, akakuta picha za mitindo ya magauni na kwaya ya kigango.

"Hakuna video hapa."

"Simu inajaa haraka. Nikimaliza somo nalifuta ili lingine liingie."

"Unafuta," alisema afisa, na safari hii hakucheka. "Mtu asiye na kosa anafuta nini?"

Kokuberwa aliitazama simu mikononi mwa afisa. Kila alasiri, wenzake wakiteremka kwenda nyumbani, alikaa nyuma ya ofisi ya karani, mgongo kwenye jiwe. Alimsikiliza mtu asiyemjua akieleza mkondo wa umeme kwa sauti ya uchovu, anamrudisha nyuma, anamsikiliza tena. Alichora saketi kwa mkaa juu ya jiwe mpaka zikamkubali. Mvua ikinyesha zilifutika, akachora nyingine. Video zilikuwa bure lakini bando halikuwa bure, na aliyekuwa akimwashia intaneti kutoka simu yake ni Paskazia, karani wa shule, aliyetoka Muleba kama mama yake. "Soma, mwanangu," alikuwa akisema kupitia dirishani. "Ukimaliza uniambie nizime."

Siku hiyo walimwacha aende. Nyumbani, mama yake, Bernadetta, alikuwa ameshapata habari sokoni. Hakuuliza kuhusu fizikia.

"Ulimpa nini?"

"Nani, mama?"

"Huyo mwanamume aliyekupa mtihani. Wanaume hawatoi vitu bure, Koku. Ulimpa nini?"

"Hakuna mwanamume."

"Kila siku unachelewa. Simu sikioni, unatabasamu peke yako kama mwehu. Nilikuwa naona, nikanyamaza." Bernadetta alimtazama tumbo, akahamisha macho. "Kesho tunapita zahanati upimwe."

Walipita. Nesi alisema hana mimba. Bernadetta alishukuru, lakini njia nzima hakumshika mwanawe mkono.

Shuleni Mwalimu Chenge alimwita tena, safari hii peke yake. Alimpa kiti. Sauti yake ilikuwa ya mzazi.

"Mimi sina ugomvi na wewe. Ila wilaya inataka jina. Nisipowapa, watakufutia usajili, mtihani wa taifa utausikia redioni. Unanielewa?"

"Sina jina, mwalimu."

"Basi nijibu tu ninayokuuliza. Mitihani inadurufiwa wapi hapa shuleni?"

"Ofisini kwa Mama Paskazia."

"Na wewe jioni ulikuwa unakaa wapi?"

"Nyuma ya ofisi yake."

"Intaneti alikuwa anakupa nani?"

Kokuberwa aligeuza macho ukutani. Upande wa pili wa ukuta, Paskazia alikuwa akigonga mhuri.

"Nani, Kokuberwa?"

"Mama Paskazia. Lakini yeye..."

"Sijakuuliza lakini." Chenge alisimama, akafungua mlango, akamwita afisa. "Rudia hayo matatu. Hayo tu."

Alirudia. Hakuna neno la uongo alilosema. Afisa aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema kumbe mtoto ni mwelewa. Jumatatu mstarini wanafunzi waliambiwa wampigie makofi mwenzao kwa kusema ukweli, wakapiga. Paskazia hakuwepo.

Alikuja nyumbani kwa kina Kokuberwa siku chache baadaye, kufuata gauni alilokuwa ameacha kwa Bernadetta lipunguzwe. Waliamkiana Kihaya, kifupi, kama watu wa msibani. Kokuberwa alitoka jikoni, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Paskazia alilikunja gauni, akaliweka kwapani, lakini hakuondoka. "Sijaja kugombana. Wewe unajua mimi sikukupa mtihani, na mimi najua. Wameshanifukuza, hawatanirudisha. Niambie tu aliyekupa, nijue nimeondoka badala ya nani."

"Ni zile video, mama. Zile zile ulizokuwa unaniwashia."

Paskazia alimsogelea.

"Hata mimi, Koku? Hata mimi unanificha?"

Kokuberwa alimgeukia mama yake. Bernadetta alikuwa ameinamia cherehani, hakuinua uso, lakini mguu wake ulikuwa umeacha kukanyaga. Sindano ilisimama katikati ya kitambaa. Naye alikuwa akisubiri jina.