Picha Isiyo na Miguu

Kaka yangu Venant alikuwa mpiga picha pale Mkuyuni, na ugonjwa wake tuliujua wote: alikuwa akiwakata watu miguu. Bibi harusi ananunua viatu vipya, picha inaishia magotini. Ukilalamika, anakwambia uzuri wa mtu uko usoni.

Mwaka tisini na sita hospitali moja ya binafsi ilileta mashine ya kumtazama mtoto tumboni. Venant akampeleka mkewe, Sabina, maana mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika na wote wawili walikuwa na hofu. Daktari akasema kichwa kizuri, moyo unapiga, mgongo umenyooka. Akaongeza kwamba mtoto amejikunja, miguu hakuiona vizuri, na mashine haioni kila kitu. Hayo kaka yangu yalimpita. Alizunguka na picha iliyotolewa na ile mashine mfukoni, hata waliosubiri kivuko cha Kamanga akawaonyesha: mtoto kamili, hana kasoro yoyote. Wanaume na kupenda sifa!

Sabina akajifungua binti mwenye afya, ila mguu wa kushoto umepinda kwa ndani. Muuguzi alitueleza kwamba ukiwahiwa hunyooshwa kwa plasta, na watoto wengi hutembea vizuri tu. Sabina hakuwa na masikio. Alimviringisha mtoto kwa kanga mbili, akanishika mkono.

“Wifi, amemtangaza mji mzima. Atamkataa.”

Nilimwambia asiseme hivyo, lakini na mimi niliogopa.

Venant akaingia, akampakata binti yake, akafungua kanga kabla hatujamzuia. Aliutazama ule mguu. Kisha akatoa picha mfukoni, akaitazama nayo.

“Daktari alisema hajaiona miguu,” akasema. “Mimi ndiye niliyeikata.”

Akaubusu ule mguu, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Sabina naye akacheka, nami nikapiga vigelegele mpaka muuguzi akaja kunifukuza.

Siku mtoto alipofungwa plasta, Venant alikuja na kamera. Alirudi nyuma, akarudi tena, mpaka akakalia ndoo ya maji ya watu. Picha hiyo ipo sebuleni kwao: binti mapajani kwa mama yake, miguu yote miwili katikati kabisa, plasta inang'aa. Kichwa cha Sabina hakimo. Aliyeitundika ni Sabina mwenyewe.