Doa Jeusi la Namba Tisa

Sasa niambie wewe, tangu lini kipande cha jembe kikaitwa tundu la maji? Liz ameikodolea macho skrini ya cyber ya Mulki hapa Migori, printa inakoroma, na picha ndiyo ile ya ripoti ya utafiti, udongo wa shamba la Dorah kule Ndhiwa, doa jeusi katikati, chini yake Kizungu safi, eti tundu kubwa linalovujisha maji, eti hapa bwawa lisichimbwe... tundu! si yeye Liz ndiye aliyeikandamiza ile bomba ya plastiki ya kuchotea udongo kwa magoti, akasikia krrr, akaisogezea sumaku aliyong'oa kwenye spika ya redio mbovu, ikanata pap, Dorah akacheka, woi, hilo jembe langu lililomegeka mwaka juzi, Liz akaandika kwa daftari, bomba namba tisa ina chuma, isitumike, maana ile mashine ya Daktari Ondieki, mkuu wa utafiti, husikia maji ndani ya udongo kwa nguvu ya sumaku, ikikutana na chuma inakuwa kiziwi, inaona giza, ungedhani maji yametoroka... "Nyathina, mwanangu, wamekubali bwawa?" Dorah anauliza pembeni, tope la Ndhiwa bado kwa viatu, ng'ombe wake wanatembea saa nzima kufuata mto... "Ngoja mama, inaprint," na inaprint nini, you are family, Liz, Ondieki alisema hivyo akifyonza kichwa cha samaki mbuta mezani kwa mamake Liz, two good years Liz akipakata mabomba ya udongo kama mayai, leo majina manne pale juu, lake hakuna, mwisho kabisa shukrani kwa msaidizi wa kijijini, msaidizi! na cheti chake cha MSc kimelala chini ya godoro, wamefuta jina wakafuta na onyo, wameiba kuku bila kuuliza kama ana ugonjwa wa kideri, poa, alikuwa anyamaze, acha hicho kipande kiwalipukie huko kwa makongamano yao... lakini atakayekosa maji si Ondieki, ni huyu anayemshika mkono, "Nyathina?"... "Walahi, imekula karatasi tena," Mulki anaipiga printa kofi, ukurasa nusu ndani nusu nje, doa likiwatazama, basi sikia, Daktari, wewe na hao watatu mliopanda juu ya magoti yangu, ondoeni hiyo picha, mchimbieni Dorah bwawa lake, kisha andikeni pale juu, kwa herufi kubwa, ni nani aliyewaambia namba tisa isitumike.