Ngozi Yangu Imekwenda Mkutanoni

Usiku wa jana niliota nimehamishwa tena, na safari hii kosa langu lilikuwa kwamba mimi ni panya-miiba.

Nianze na ya macho, ili ya usingizini yaeleweke. Leo asubuhi kijiji chetu kina mkutano mkuu. Kuna kampuni inalitaka Jabali la Nzogole, ilisage liwe kokoto. Chini ya jabali lile kuna kisima, na katika upande huu wa Dodoma ndicho peke yake kisichokauka kiangazi. Maji yanatoka kwenye ufa wa mwamba, polepole, kama yanaona haya. Jabali likisagwa, maji yamekwisha. Hapo hatuhitaji mtaalamu wa kutueleza.

Na mkutano wetu una desturi yake. Mwenyekiti Ndahani huuliza nani anapinga. Asiyenyoosha mkono anahesabiwa upande wa ndiyo, hata kama amesinzia, hata kama ametoka kwenda kujisaidia. Ndivyo tulivyokubali shamba la mfano lisiloota kitu. Ndivyo tulivyokubali josho la ng'ombe ambalo hadi leo linaogesha popo.

Mimi nimekuwa nikinyoosha mkono miaka yote. Nimeitwa mchochezi. Nimeitwa mpinga maendeleo, tena na watu niliowafundisha kusoma chini ya taa yangu ya kibatari. Jana jioni nikamwambia mke wangu Sechelela, "Mama Nyemo, nimechoka. Kesho nitakaa kimya kama wenzangu." Yeye aliendelea kuchambua mlenda wake, jani kwa jani. Nikaenda kulala.

Basi nimesimama juu ya jabali, jua la mchana. Nina masharubu. Mgongo wangu una nywele ngumu kama za brashi ya viatu. Sishangai hata kidogo. Ninachoshangaa ni kwamba goti la kulia bado linauma.

Chini kuna lori, na kando ya lori kuna bwana mwenye suti ya kaunda na kipaza sauti. Jina lake ni Bwana Makazi. Sura yake naiona kwa mara ya kwanza, ila sauti naijua. Nilikuwa mtoto, enzi watu wanahamishiwa vijijini kwa nguvu, sauti ile iliposimama mbele ya tembe letu ikatuambia tutoke, tunapelekwa pazuri, na kabla mama hajatoa chungu chake cha pili paa la udongo lilikuwa limeshatua juu ya chungu hicho. Watu wanasema niyasahau mambo hayo. Wanaosema hivyo hawakuwa na chungu mle ndani.

"Panya-miiba wote," anatangaza, "mnatakiwa kwenda kwenye makazi yenu ya asili."

"Ndiyo hapa," nasema.

"Makazi ya asili," anasema kwa upole, "ni yale yatakayopangwa."

Panya wanatoka kwenye nyufa na kujipanga mstari, wala hawajasukumwa. Hapo nikajua ni panya wa nchi yenye mikutano mingi. Lakini wengine wametoka mbali. Wa kwanza ni wa rangi ya dhahabu, macho yamevimba.

"Unatoka wapi?" namuuliza.

"Jangwani, karibu na Bahari ya Chumvi. Kwenye miamba."

"Panya hutoka usiku. Wewe mbona uko juani?"

"Mwamba wetu una ndugu yangu mwingine, wa kijivu. Yeye alichukua zamu ya usiku, hataki kuiachia. Mimi nikabaki na jua."

"Ulilalamika?"

"Wapi, mzee? Ofisi ikiwa wazi, niko kazini. Ikifungwa, nimelala."

Wa pili amevaa vumbi la zamani sana. Anasema anatoka Kairo, anaishi kwenye nyumba za watu, na pia makaburini, kwa wafalme waliokaushwa.

"Huko kaburini unakula nini?"

"Mfalme."

Bwana Makazi anakohoa.

"Kidogo tu," panya anaeleza. "Sehemu ambazo alikuwa hazitumii."

Wa tatu anatoka kisiwani Kipro. Huyu hapangiwi kitu, kwa sababu ni marehemu. Wataalamu walimtafuta miaka mingi, hawakumwona, wakaona basi amekwisha.

"Nilikuwepo," anatuambia. "Nilikuwa chini ya jiwe. Walikaa juu yake wakanywa chai."

"Mbona hukutoka useme?"

"Nilitaka nisikie wanavyonisifu."

Panya wote wanacheka. Mimi nacheka pia, na nikicheka goti linauma zaidi. Bwana Makazi hachekeshwi. Anasema muda umekwisha, apande kila mtu. Hakuna anayepanda. Anaweka kipaza sauti chini, anakunja mikono ya suti, anaanza kutukamata mmoja mmoja kwa mgongo.

Sasa, panya-miiba ana jambo lake. Ukimshika mgongoni anakuachia ngozi, yeye anaenda zake. Bwana Makazi anamshika wa dhahabu: ngozi ya dhahabu inabaki mkononi, panya mwenyewe anaingia kwenye ufa, mwekundu kama nyanya. Anamshika wa Kairo: vilevile, na vumbi juu. Kila ngozi anaikung'uta, anaikunja, anaipakia kwenye lori. Lori linajaa.

"Operesheni imekamilika," anatangaza. "Wamehama wote."

"Bwana, hizo ni ngozi," nasema.

"Zina masikio," anasema. "Zinatosha."

Kisha ananishika mimi.

Haikuuma. Ngozi ilitoka kama shati lililolowa, ikasimama pembeni yangu, ikanitazama. Ilikuwa na umbo langu la kibinadamu, na viraka vyote vya jua. Sikusikia ikiaga. Ilipanda lori yenyewe, ikaketi mbele karibu na dereva. Katika maisha yangu yote sijawahi kukaa mbele.

Nikaingia kwenye ufa.

Ndani ya ufa ni zahanati. Kuna benchi, kuna harufu ya dawa, kuna foleni ya panya wasio na ngozi wanaozungumzia bei ya mafuta ya kula. Kitandani panya mama anajifungua, na majike wengine wamemzunguka. Huyu anakata kitovu kwa meno, yule anamlamba mtoto, wa tatu anamwambia mzazi asukume na aache kumtukana mumewe, kwani hayupo. Sikuuliza nani amewaajiri. Kwao jike akijifungua, wenzake ni wakunga, basi.

Mtoto anatoka macho yakiwa wazi, nywele zimeshaota. Anatutazama wote, mmoja baada ya mwingine.

"Mkutano umeanza?" anauliza.

"Bado, mwanangu," anajibu mkunga mkuu. Ni panya mnene, wa mawe ya kwetu, amefunga kanga kiunoni. Ananigeukia, ananisalimu kwa Kigogo. "Mbukwa, mzee Chibago. Lala kifudifudi nikulambe."

"Huyu mtoto anaona?"

"Anaona. Sisi tunakaa tumboni hadi tuive. Hatuji duniani kupapasa."

Nikalala. Ulimi wake ulikuwa mkavu na wa moto. Nikamuuliza kama ngozi hurudi.

"Inarudi yote. Na nywele, na miiba. Hatuachi kovu."

"Mimi makovu yangu nayataka," nikasema. Nilikasirika kweli. "Kila kovu na mtu wake. Hili la mgambo. Hili la siku tuliyobomolewa. Yakifutika, watasema hayakutokea."

Mkunga akaacha kulamba kidogo. "Baba, hayo yaweke kichwani. Mgongo una kazi nyingine."

"Kazi gani?"

"Kushikwa."

Sina mazoea ya kushindwa maneno na mtu aliyefunga kanga ukubwa wa leso, lakini nililaza tena kidevu nikamwachia mgongo.

"Ya kwako iko wapi?" akauliza.

"Imepanda lori."

Foleni nzima ikageuka. Mkunga akasema taratibu, kama anayemweleza mgonjwa habari mbaya, kwamba lori lile linakwenda mkutanoni. Ngozi zinapendwa sana mikutanoni. Zinafika mapema, hazikohoi, hazinyooshi mkono.

"Na asiyenyoosha mkono?" akaniuliza, ingawa alijua.

"Anahesabiwa ndiyo."

"Basi kisima chetu, mzee, kinamalizwa na ngozi yako. Na mimi sijakulamba nikafika kiunoni."

Nikakimbia hivyohivyo. Ufa ukawa ngazi, ngazi zikawa korido ya shule niliyofukuzwa darasa la nne, korido ikaishia kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Nasukuma mlango. Ukumbi umejaa. Mabenchi yote yamekaliwa na ngozi: ngozi za majirani zangu, ngozi za kanisani kwetu, ngozi za panya kwenye mstari wa mbele, zimekunjwa vizuri. Hazina macho, ila zote zimetazama mbele kwa heshima. Ngozi yangu iko benchi la kwanza, mikono juu ya magoti.

"Samahani, Mwenyekiti," nasema.

Mwenyekiti Ndahani ananitazama kutoka juu hadi chini. Chini si mbali; mimi bado ni saizi ya panya.

"Wewe nani?"

"Chibago."

"Mzee Chibago yule pale. Leo kafika kabla yangu. Leo ana nidhamu."

Ukumbi unaguna kwa kuridhika. Napanda benchi, nasimama kwenye goti la ngozi yangu, lile bovu.

"Inuka," naiambia.

"Nimechoka," inasema.

"Mimi pia."

"Wewe hujachoka," inasema, na haipandishi sauti. "Wewe ulikuwa ndani, unahutubia. Rungu lilikuja kwangu. Jua lilikuja kwangu. Usiku ule wa mahabusu, nani alilala juu ya saruji? Wewe uliota mapinduzi. Mimi nilihesabu mbu."

Miaka yote nimejibizana na wakuu wa vituo, mabwana shamba, mapadri na mkaguzi mmoja wa mizani, na sasa ngozi yangu mwenyewe ndiyo iliyonishinda, kwa sababu ilisema kweli.

"Basi pumzika," nikasema. "Una haki. Ila nenda kapumzike nyumbani. Ukipumzikia hapa wanakuhesabu."

"Sijui kuondoka," inasema. "Mimi ni ngozi. Nikikaa, nimekaa."

Mwenyekiti anagonga meza. "Tunaendelea. Jabali la Nzogole. Nani anapinga?"

Hakuna mkono unaoinuka. Chini ya sakafu nasikia maji, yale ya kwenye ufa, tone moja, kisha lingine, kisha linalofuata linachelewa. Ukumbi mzima unalisubiri tone lile bila kujua unasubiri nini.

Nanyoosha mkono. Ni mkono mdogo, mwekundu, hauna ngozi, na mishipa yote iko nje. Naona haya kuunyoosha mbele za watu. Naunyoosha.

"Mkono ule hauhesabiki," Mwenyekiti anasema. "Hauna mwenyewe."

"Uko hapa juu ya goti," anasema yule mtoto wa zahanati. Sikumwona akiingia. Amezaliwa leo, na tayari amesimama mlangoni na utelezi wa mamake bado kichwani. "Mimi nauona."

"Wewe huna umri wa kuona," anasema Mwenyekiti.

Bwana Makazi anatokea nyuma ya pazia. Anaweka kipaza sauti chini. Anakunja mikono ya suti. Anakuja kwangu bila haraka, kama mtu anayekwenda kuokota kitu chake, na mimi sishushi mkono. Naona kivuli cha vidole vyake kikipita juu ya benchi. Nasikia mkono ukitua mgongoni kwangu, kati ya mabega, ukishika.

"Aka!"

Ilikuwa sauti ya Sechelela. Kumeshakucha. Nilikuwa nimelala kifudifudi, mkono mmoja umesimama hewani kama wa mtoto wa shule, na umekufa ganzi. Mke wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda ananyonya kidole.

"Nilikuwa nakuamsha," akasema. "Baba Nyemo, una nini mgongoni?"

"Nina nini?"

Akafungua dirisha. Akaniinamia na kunitazama kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama mchele wa kununua.

"Pale palipokuwa na kovu la mgambo," akasema, "hakuna kovu. Pamekuwa pekundu, laini, kama kitoto kichanga. Na pameota."

"Pameota nini?"

"Sijui. Vitu. Vigumu." Akanionyesha kidole. Kwenye ncha palikuwa na tone la damu, dogo kuliko punje ya ulezi. "Ukivaa shati vitatoboa. Na kwenye benchi la ofisini huwezi kuegemea, wala kukaa huwezi, pamebanana mno pale, utawachoma watu."

Akafuta kidole kwenye kanga, akaokota ndoo yake ya kwendea kisimani, akasimama mlangoni.

"Itabidi usimame," akasema.