Mkalimani Asiyenijua

Nesi aliweka simu mezani kati yetu, akabonyeza kitufe cha spika, akaniashiria nisubiri. Lugha ya nchi hii naijua ya kufulia tu: shuka, taulo, haraka, kesho wahi. Ya damu siijui. Kwa hiyo kliniki ilinitafutia mkalimani wa Kiswahili, kwa wema kabisa, na wema huo ndio ulionimaliza.

"Habari yako. Mimi ni mkalimani. Nitatafsiri kila kitakachosemwa, sitaongeza wala kupunguza, na hakitatoka nje."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Sauti ile ilikuwa ya mwenyekiti wa chama chetu cha wahamiaji, mama aliyenipokea nilipofika, akanitafutia chumba na kazi ya udobi hotelini. Tunamwita Mama Redio. Kabla hujakohoa, yeye keshatangaza una kifua.

Ningeondoka. Lakini mwanamke niliyekuwa naye alikuwa amenipigia simu: amepima, amekutwa na virusi, na mimi nikapime. Tangu hapo usingizi uliniruka, na shuka za watu nilizikunja upande upande. Nikabaki. Nikajibu kwa sauti nzito ya kukwaruza, kama mwenye mafua. Upumbavu mtupu. Mtu uliyekula naye sahani moja utamfichaje sauti?

Nesi akauliza, Mama akatafsiri. Nimelala na nani na nani? Kondomu nilitumia? Nilimjibu mwanamke wa umri wa mama yangu mambo ambayo hata rafiki sijawahi kumwambia, jasho likinitoka. Yeye hakuguna. Nesi akanichoma kidole, tone la damu likaingia kwenye kifaa, tukangoja. Kwenye simu nilimsikia Mama akipumua.

Kisha nesi akazungumza taratibu, akamwachia Mama.

"Kipimo kinaonyesha una virusi vya ukimwi," akasema. "Watachukua damu nyingine wahakikishe. Dawa zipo. Ukizimeza vizuri utaishi kama wengine, na virusi vikishapungua hadi visionekane kwenye vipimo, hutamwambukiza mtu kwa kulala naye."

Sauti haikutetemeka. Nesi akashukuru, akakata simu.

Nikaanza kusubiri tangazo. Kazini, wawili wakinong'ona karibu na mashine, najua ni mimi ninayesemwa. Jumapili nikajikaza nikaenda kwenye mkutano wa chama. Hakuna aliyenitazama mara mbili. Mama Redio alitangaza harusi, akatangaza msiba, akatangaza nani kajifungua na mtoto kafanana na nani. Aliponifikia akasema, "Hujambo, kijana," akapita.

Kijana! Mimi aliyekuwa akiniita mwanangu. Zamani angenishika sikio mbele ya watu aniulize kwa nini nimekonda.

Ndipo nikaelewa. Kazi yake ilimkataza kunijua. Aliyoyasikia kwenye simu hakuwa na ruhusa ya kuja nayo mkutanoni, na kwa kuogopa uso wake usimchongee, aliamua kuniepuka mimi mzima. Nilikuwa nimemwomba Mungu amfunge mdomo. Akaufunga, nami nikabaki sina mtu. Dawa nilizimeza bafuni, nimefungulia bomba ili mwenzangu wa chumbani asisikie vidonge vikigonga kopo. Mama yangu mzazi akipiga simu, namwambia sijambo kabisa. Upweke ulinikaba hadi nikawa nazisalimia mashine za kufulia kila asubuhi, na zenyewe angalau zilinguruma.

Siku ya kurudi kliniki, nesi aliuliza kama ningependa mkalimani mwingine, labda mwanamume. Kwa maneno yangu machache ya kufulia nikamwambia namtaka yule yule.

"Habari yako," simu ikasema. "Mimi ni mkalimani. Nitatafsiri kila kita..."

"Shikamoo, Mama," nikasema, safari hii kwa sauti yangu mwenyewe.

Nesi akanitazama, akaitazama simu, akauliza nimesema nini. Mama hakutafsiri. Nilimsikia akivuta kamasi.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Unakula lakini?"