Chanjo Kwenye Fungu la Mwani

Najat alifariki Jumapili alasiri, bahari ikiwa imejaa mpaka kwenye mikoko. Alikuwa hajatimiza mwaka. Ilianza homa na mafua, macho yakawa mekundu, kisha vipele vikatoka nyuma ya masikio na kushuka mwili mzima. Surua. Ikamwingia kifuani. Tulikuwa juu ya bodaboda, njia ya hospitali, nimemfunga kwa kanga mbele yangu, nikasikia kifua chake kimetulia. Nilidhani amelala.

Mpaka leo wananiita Mama Najat, nami naitika. Naandika haya nisije nikasahau, na zaidi naandika ile siku ya fungu, kwa sababu siku ile nayo ni yake.

Kitongoji chetu kiko upande wa Moa, karibu na mpaka wa Kenya, na wanawake karibu wote tunalima mwani. Mashamba yetu yako kwenye fungu, mchanga unaotokeza mbali baharini siku za bamvua tu, maji yanapokauka sana. Siku hizo hakuna mama anayebaki nyumbani. Ukizikosa, mwani unakatika kwenye kamba na kwenda na maji. Watoto wachanga huachwa na bibi zao, na bibi wa kwetu wana sharti moja: mtoto hachomwi sindano mamake hayupo. Atakapolia, atalilia ziwa la nani?

Sasa nesi wa chanjo alikuwa anakuja kila baada ya wiki nne, Jumanne. Na bamvua nayo, kwa bahati yetu mbaya, ikawa inaiangukia Jumanne ileile. Najat alipofikia umri wa sindano ya surua, nesi alikuja, mimi niko kwenye fungu. Mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, akamwambia arudi mamake akiwepo. Akarudi mwezi uliofuata, niko kwenye fungu. Kabla hajarudi tena, wageni wa arusi walikuja na mtoto anayekohoa.

Baada ya msiba sikuenda tena kwenye mwani. Nikawa nakaanga mihogo barazani. Ndiyo maana Jumanne ile nilikuwa nchi kavu, pikipiki ilipomshusha nesi mpya, Consolata, msichana wa milima ya Lushoto, boksi la chanjo begani.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bi Mwanakombo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio?"

"Surua imeingia kitongoji cha pili, mama. Watoto watatu wana vipele. Ugonjwa huu mmoja akikohoa chumbani akatoka, anayeingia nyuma yake anaupata. Nataka watoto wote leo leo."

Mgongoni mwa Bi Mwanakombo alikuwa amelala Ayubu, mtoto wa wifi yangu Sabiha, miezi tisa na siku chache. Hajachanjwa. Na Sabiha alikuwa kwenye fungu.

"Mamake hayupo," akasema Bi Mwanakombo. "Njoo mwezi ujao."

"Mwezi ujao atakuwepo?"

Bibi akatazama baharini. Mabibi wengine walikuwa wamekusanyika na wajukuu wao. Nikaiacha mihogo motoni.

"Nesi, usiondoke! Naomba unisubiri!"

"Nasubiri, dada, lakini chanjo ikishachanganywa haikai. Na barafu hii inayeyuka."

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu shule. Nilivuka matope ya mikoko, nikavuka mchanga, nikaingia kwenye maji ya magotini, kanga imepanda mapajani na mimi sijali nani anaona. Mbele naona migongo ya wanawake imeinama kwenye safu za kamba. Wa kwanza kuniona akapiga kelele, "Jamani, Mama Najat karudi kwenye mwani!" Wakanyanyuka wote.

"Sikurudi," nikasema, nahema. "Sabiha, nesi yupo. Surua imefika kwa jirani. Njoo, mama hatamtoa Ayubu bila wewe."

Sabiha alitazama kamba alizokuwa amefunga nusu, akatazama maji. "Nikienda na kurudi, bahari imeshajaa. Wifi, hii ndiyo bamvua ya mwisho kabla mnunuzi hajaja." Macho yake yakalengwa na machozi. Kisha akasema kama anayegombana na mtu, "Basi aletwe huku! Mama si anataka niwepo? Mimi nipo! Niko hapa!"

Wanawake wakaangua kicheko. Halafu mmoja akasema, "Na wangu." Mwingine, "Na wangu mimi, mwambie bibi yake amvishe kofia."

Nikageuka, nikakimbia tena.

Consolata aliponisikia aliangalia bahari kama mtu aliyeambiwa apande mnazi. "Mimi? Kule? Dada, kwetu maji yanatoka bombani yanaingia kwenye sufuria."

"Vua viatu," akasema bibi mmoja. "Tutakushika."

"Tukimzamisha nesi, serikali itatuuliza," akasema mwingine, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Lakini wote walikuwa wanamtazama Bi Mwanakombo. Asipokwenda yeye, hakuna atakayekwenda. Nilisimama mbele yake, maji yananichuruzika. Sikumtaja Najat. Nilisema tu, "Mama, mamake kasema aletwe. Yupo, anamsubiri."

Akakaza kanga iliyomfunga Ayubu, akajishika kiuno. "Twendeni. Ila huyu nabeba mimi."

Jamani, laiti mngeuona msafara ule! Mabibi na wajukuu mgongoni, wajukuu wakubwa wanaruka pembeni, Consolata katikati, boksi begani, mikono yake miwili imeshikwa na vikongwe wawili wanaomfokea, "Kanyaga mchanga! Hapo pana mwamba! Nyoosha mguu, huogi!" Naye anapiga mayowe kila kijisamaki kikimgusa. Kutoka kwenye fungu wanawake walitupokea kwa vigelegele.

"Kivuli!" akaamuru Consolata, mara akawa nesi tena. "Chanjo hii haipendi jua." Kanga zikanyooshwa juu yake kutoka kila upande, akachanganya dawa chini ya paa la maua mekundu na manjano.

Ayubu alikuwa wa kwanza. Sabiha alisuuza mikono, akampokea, akampa ziwa. Sindano ikaingia mkononi. Ayubu akaachia ziwa, akatutazama sote kwa mshangao, kisha akalia kwa sauti iliyofika Kenya. Alilia kidogo tu. Ziwa lilikuwa pale pale.

Mmoja baada ya mwingine. Consolata aliwaambia kwamba mtoto anaweza kupata homa kidogo usiku au vipele vichache baadaye, wasitishike, na kwamba sindano hii ina mwenzake, asiyerudi kwa ya pili hajamaliza. Tulipofika mtoto wa mwisho, maji yalikuwa yameanza kutulamba vifundo. "Maji yanakuja!" Tukarudi kwa mbio na vicheko, mabibi sasa wanamvuta Consolata kama kamba ya mwani.

Mimi na Bi Mwanakombo tulibaki nyuma. Maji yalimfika magotini, nikamshika mkono.

"Kumbe ilikuwa ni kutembea tu," akasema, bila kunitazama.

Niliukaza mkono wake, tukaenda hivyo mpaka mchangani.

Jioni ile, kabla pikipiki haijamfuata, Consolata aliuliza siku gani akina mama wote huwa nyumbani. Bi Mwanakombo akamweleza habari ya maji mafu, siku ambazo bahari haikauki vya kutosha na hakuna anayekwenda kwenye mwani. Nesi akasema atawaomba wakubwa wake.

Walikubali. Siku hizi kliniki yetu huja maji mafu, na Bi Mwanakombo ndiye anayeutazama mwezi na kumpigia nesi simu. Ayubu atachomwa sindano ya pili akifikisha mwaka na nusu.