Mgomba wa Clemence

"Mama, tafadhali, simama hapo hapo!"

Walburga alisimama mguu mmoja mbele, chipukizi la mgomba kichwani, udongo ukimdondokea begani. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, akipanda na kushuka milima ya Maguu, kuja kumpandia mjukuu wake mgomba.

"Shikamoo, mama," alisema Gaudiosa, mkamwana wake, akipiga goti ukingoni mwa shamba, mtoto mgongoni.

"Marahaba, Mama Clemence. Sasa mbona unanizuia kama ng'ombe wa jirani?"

Gaudiosa alicheka, lakini hakumpisha. Nyuma yake ilisimama migomba michanga ya serikali, iliyoletwa kwenye viriba vya nailoni kutoka maabara, safi, bila ugonjwa. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umemaliza migomba ya kijiji, na shamba lake ndilo lililochaguliwa kuwa shamba mama. Majirani wote wangechukua mbegu kwake. Sharti lilikuwa moja: asiingize chipukizi la kwingine. Ugonjwa ukionekana, yote inang'olewa. Na Asteria, bibi shamba, angekuja kukagua siku hiyo hiyo.

Mbele yake, mama mkwe. Katika ukoo wa mumewe, kila mtoto alipandiwa mgomba kutoka shina la Walburga. Mkamwana akilikataa chipukizi hilo, atakuwa amebakiza nini cha kukataa?

Angeweza kulipokea, alipande pembeni, kisha aling'oe mama mkwe akishaondoka. Wazo hilo lilikuja, likakaa kidogo, likaondoka.

"Mama, siwezi kulipanda."

Walburga alishusha mzigo taratibu. "Baba Clemence nilimpandia kutoka shina hili hili. Akakua, akakuoa wewe."

"Najua, mama. Shina lenyewe linaendeleaje?"

Walburga akatazama ng'ambo ya bonde, kwenye mibuni.

"Ndizi zinaiva zingali changa," alisema hatimaye. "Ukizikata, ndani nyeusi. Sikumwambia mtu. Nilidhani likipata udongo mpya litapona."

Gaudiosa alichukua jembe, wakashuka wote wawili hadi mbali na shamba, wakachimba shimo refu. Walburga alilifukia chipukizi mwenyewe, akashindilia udongo kwa kisigino.

"Na mtoto? Atakaa bila mgomba, kama mpita njia?"

"Hatakaa hivyo. Njoo umchagulie. Ila tuanzie hapa."

Palikuwa na beseni la maji ya jiki ya kuua vijidudu njiani, mlangoni pa shamba. Walburga alilitazama, akamtazama mkamwana.

"Nimekuja shambani au hospitali?"

"Kote kote, mama."

Alikung'uta kanga, akanawa mikono, akatumbukiza miguu, Gaudiosa akimfuata na jembe. "Mh! Yanauma kwenye nyufa!" Akacheka hadi akashika kiuno, na Gaudiosa naye, hata mtoto akaamka.

Miche iliyobaki kwenye viriba ilikuwa imepangwa chini ya kichanja. Walburga aliipitia mmoja mmoja, akipapasa majani kama anayechagua kuku mnadani. Aliiacha mikubwa yote, akainua mdogo kuliko yote.

"Huu. Baba yake alizaliwa hivi hivi, kichwa kikubwa, shingo hakuna."

"Mama!"

"Muulize mkunga."

Walikuwa wakifunika shina la mche huo udongo, Asteria alipofika na pikipiki. Kabla hajasalimia, Walburga alikuwa keshanyoosha kidole kwenye beseni.

"Tia miguu, mwanangu. Hapa haingii mtu ovyo."

"Shikamoo, bibi. Natia," alisema Asteria, akiuma midomo asicheke.

Alikagua mstari kwa mstari, akigeuza majani, akiinama. Gaudiosa alimfuata nyuma. Mwisho wa shamba Asteria alijinyoosha.

"Safi. Mvua zikianza, watu waje kuchukua mbegu."

Kigelegele cha Walburga kilivuka bonde. Kisha akamshika bibi shamba mkono, sauti yake ikashuka.

"Na kwangu uje. Uje na watu wenye majembe. Mashina yote yang'olewe. Nitalia kidogo, lakini msisimame."

"Udongo ukipumzika, bibi, utapata migomba mingine."

"Nitasubiri."

Mawingu yaliachana, jua la mchana likashuka kali. Majani mawili ya mche mpya yakaanza kulegea. Walburga alimpokea Clemence, akamweka kifuani, akasogea kidogo upande wa jua. Kivuli chake kikaufunika mche. Akabaki amesimama hapo, akimwimbia mtoto kwa Kimatengo, na kila jua liliposogea, naye alisogea.