Mjomba Amekua

Mwanamkasi alikuwa amewasha taa ya joto na kukatakata sukuma wiki, na sasa alikuwa akiwanyunyizia nyenje wa kumlisha mjusi unga wa kalisiamu, mlango ukagongwa. Jumamosi asubuhi hakuna aliyewahi kumgongea.

Alikuwa Caren, ameshika kreti tupu.

"Hukunitarajia, eh? Nimepata lifti mpaka huku kwako International City. Nimekuja kumchukua Mjomba."

Miezi mitatu nyuma Caren alihamia nyumba za wafanyakazi kule Dubai Investments Park, akamwachia Mjomba, mjusi wake mwenye ndevu, mdogo kama kidole. "Nilelee, Kasi. Akikua namfuata." Tangu hapo alipiga simu kila jioni kumuulizia. Kutwa Mwanamkasi aliongea na wagonjwa pale mapokezi ya kliniki, ila jioni hapakuwa na mwingine wa kumpigia. Kwa hiyo kila mara alijibu kwamba bado mdogo, akatuma picha za zamani.

Caren aliinamia tangi la kioo. Mjusi alikuwa amejilaza juu ya gogo, karibu urefu wa rula ya shule.

"Ai! Huyu ndiye bado mdogo? Huyu si amefika umri wa kuchukua kitambulisho!"

Mwanamkasi akatazama chini. Aliwahi kufikiria kumpunguzia chakula ili asikue. Mchana mmoja alimnyima nyenje, mjusi akaja kusimama kwenye kioo, akimwangalia tu. Jioni alimpa mpaka akasaza.

"Na zile picha?"

"Za zamani."

"Kwa hivyo ulikuwa unanidanganya." Caren aliacha kucheka. "Si ungesema tu unamtaka? Haya, baki naye. Khalas, yamekwisha."

Akaiokota kreti yake. Mjusi alidaka nyenje aliyebaki tangini, akatafuna taratibu, mguu mmoja wa nyenje ukining'inia mdomoni. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa nusu.

"Caren."

"Nini? Mwenye gari ananingoja chini."

Mwanamkasi alisogea karibu na mlango.

"Mchukue Mjomba, ni wako. Anakula vizuri, utaona." Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa unga. "Mimi sikutaka simu ziishe. Nilitaka siku moja upige, uniulize na mimi kama nimekula."